Shabaha, Gumegume na Fataki: Bunduki Kuukuu katika Kinywa cha Mswahili

Kiangazi cha Marekani huangukia kipupwe chetu. Katika majira hayo mwaka jana, huku Ipagala upepo wa Dodoma ukitupa vumbi madirishani nami nimejifunika kitenge cha pili, mtoto wa kaka yangu aishiye Ohio alinitumia picha ya video. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, uwanjani kwenye majani mabichi, mkononi ana bunduki ndefu yenye ubao uliofika karibu na mdomo wa mtutu. Akapiga, akavuta komeo nyuma, ganda la risasi likaruka, akapiga tena. Chini ya picha aliandika: “Shikamoo shangazi. Hii ni bunduki ya mwaka 1943. Wenzangu wa huku wananiuliza kwetu inaitwaje na sehemu zake zinaitwaje. Mimi najua ‘bunduki’ na ‘risasi’ tu. Nisaidie, usije ukaniaibisha.”

Nimefundisha Kiswahili sekondari, kisha chuo cha ualimu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Jibu lilinichukua majuma mawili. Ninayoyaandika hapa ni jibu hilo, limenenepa kidogo njiani.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, maana kwetu ni mgeni. Kando ya Ziwa Erie, katika jimbo hilo la Ohio, kuna uwanja wa shabaha uitwao Camp Perry, ambao umepokea mashindano ya kitaifa tangu 1907. Miongoni mwake yamo mashindano ya bunduki kuukuu za kijeshi: zile ambazo majeshi ya dunia yalizibeba katika vita vikuu viwili, kisha yakazifungua maghala na kuwauzia raia zilipopitwa na wakati. Sharti lake kuu ni kwamba bunduki ibaki kama ilivyotoka jeshini. Mshindani hasukwi na tamaa ya kuua nyama wala kujilinda. Analala, anakaa, anasimama, analenga karatasi yenye duara jeusi umbali wa yadi 200, ambazo ni kama mita 183, kisha anahesabiwa alama. Wapo wazee wanaopenda mchezo huu kwa sababu baba zao walibeba silaha za namna hiyo, na wapo vijana wanaopenda tu ufundi wa chuma na mbao. Yake ni Lee-Enfield Namba 4, iliyotengenezwa kiwanda cha Long Branch, Kanada, kwa ajili ya majeshi ya Mfalme wa Uingereza. Msomaji wa magazeti yetu huwaona jamaa zake wakitajwa “Mark IV” kila polisi wanapopanga mezani silaha zilizokamatwa.

Nilimwandikia hivi: mwanangu, kwenu huko bunduki kuukuu ni burudani ya Jumamosi. Huku, bunduki kuukuu ndiyo historia yenyewe. Sehemu kubwa ya bunduki zilizofika katika nchi hizi kabla ya uhuru zilikuwa zimekwisha kubebwa na mtu mwingine, katika vita vingine. Zilikuja kama zijavyo leo nguo za Mnada: mtumba.

Neno lenyewe bunduki limekuja kwetu na safari ndefu. Kwa Kiarabu ni *bunduqiyya*, na ndani yake mmekaa *bunduq*, yaani kokwa ya mti fulani wa nchi za baridi, ambayo nayo ilipata jina lake kwa Wayunani. Kabla ya baruti, Waarabu walitumia neno hilo pia kwa vigololi vya udongo vilivyorushwa kwa upinde. Baruti ilipokuja, chombo kikaitwa kwa jina la kigololi. Risasi nayo kwa Kiarabu ni madini tu, ile metali laini, nzito, ya kijivu. Ndiyo maana wazee wetu walipoletewa penseli wakaiita kalamu ya risasi, na mtoto wa darasa la kwanza akawa anabeba mfukoni jina la kifo bila kujua. Mzinga hatukumwomba mtu. Wagogo na Wanyamwezi walikuwa wakitundika mizinga ya nyuki mitini kabla hawajaona kombora. Mswahili alipokutana na gogo jingine lenye uwazi ndani, linalonguruma na kuuma, hakuhangaika kutafuta neno jipya. Siku za sherehe za kitaifa mizinga 21 ikipigwa, mimi huwaza nyuki.

Sasa tuje kwenye mtumba. Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki zinazoshindiliwa kwa mdomoni, yakachukua zile zinazofunguka nyuma. Mamilioni ya zile za zamani hazikutupwa. Zilipakiwa melini, na sehemu yake ikateremka Unguja, ikavuka Bagamoyo, ikafuata njia ya misafara: Mpwapwa, Ugogo, Tabora, Ujiji. Njia hiyo ilipita katika tambarare hizi hizi ninapokaa. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka maji ya visima vyao, na pamoja na vitambaa na shanga, bunduki na baruti nazo zilibadilisha mikono. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Aliandika hivyo kwa hofu, si kwa huruma. Alichokiogopa ni kwamba zile mpya zaidi nazo zilikuwa zimeanza kufuata, na kwamba mataifa yake yangekuja kutawala watu wenye silaha sawa na zao.

Dawa ya hofu hiyo ilikuwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Sisi tumezoea kuusikia kama mkataba wa kukomesha utumwa, na ni kweli. Lakini ndani yake kuna vifungu vya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, bunduki za kisasa zilizuiwa kwa wenyeji, na zilizoachwa kuuzwa chini ya usimamizi ni zile za jiwe la cheche, zisizochongwa mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Msomaji mpenda lugha atulie hapa kidogo, kwa sababu naona sheria hii iliingia hata kwenye msamiati wetu. Bunduki nzuri ikawa ya serikali, nayo tukaijua kwa majina ya serikali, namba na herufi. Bunduki mbovu ikabaki ya mwananchi, nayo ndiyo iliyopewa majina ya Kiswahili: gumegume, fataki, gobore.

Gumegume ndiyo ile ya jiwe. Ukivuta kifyatulio, jiwe linagonga chuma, cheche inaruka kwenye baruti kidogo iliyomo kisahanini, na moto unaingia ndani kwa kitundu. Au hauingii. Mvua ikinyesha hauingii. Upepo ukipiga, cheche inakwenda kwake. Mwenye bunduki anabaki amelenga, jicho moja amelifumba, na swala anamtazama. Leo ukimwambia mtu wa pwani kwamba fulani ni mume gumegume, hatakuuliza habari za silaha. Ataelewa kwamba ni mwanamume wa sura tu, asiyefaa kwa kazi ya mwanamume. Mimi naamini maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, na kama yupo msomaji mwenye ushahidi wa kunipinga, namkaribisha.

Baada ya jiwe ilikuja kofia ndogo ya shaba yenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Hiyo ndiyo fataki. Bunduki ya fataki haikuogopa mvua, na kwa hiyo ikaheshimiwa. Kisha neno likashuka daraja: likawa la vile vijibomu vya karatasi ambavyo watoto huvirusha wakati wa Krismasi na mwaka mpya. Kisha likapanda jukwaani, likawa jina la lile jitu la katika matangazo ya redio, mwanamume mwenye fedha anayewavizia wasichana wa shule. Nilikuwa bado kazini matangazo hayo yalipovuma. Wanafunzi wangu walilitumia neno kila siku, na nilipowauliza fataki ni nini kwa asili, darasa zima lilicheka likidhani nawatega. Tazameni lakini lilivyokaa mahali pake: kitu kidogo, kinachong’aa, kinacholipua kisicho chake.

Gobore ndilo lililodumu. Lipo mpaka leo katika vijiji vya wawindaji, lingine limefuliwa na mhunzi kwa bomba la maji, na serikali yetu imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha ili wenye magobore yasiyo na kibali wayasalimishe. Ukiliona kwenye rundo la silaha zilizosalimishwa, unaona kitukuu cha Mkataba wa Brussels.

Je, watu wa zamani walicheza na bunduki? Walicheza, ila si kwa kulenga. Msafara ulipokaribia mji, wapagazi walipiga bunduki hewani kutangaza kwamba wamefika na hawajafa. Harusini pwani zilipigwa, na mwezi ulipoandama. Burudani ilikuwa mlio na moshi, si alama. Baruti ilikuwa ghali mno kuiharibu kwenye karatasi, na kusema kweli mtutu usio na mifuo haukuwa na adabu ya kupeleka risasi mahali pamoja mara mbili. Mashindano ya shabaha yanataka chuma kinachokumbuka.

Chuma cha namna hiyo watu wetu walikipata kwa njia nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, wakamuua na kuteka bunduki zipatazo 300. Walikuwa wamekuja hasa na mikuki. Kambi kubwa ya jeshi letu Dar es Salaam inaitwa Lugalo kwa kumbukumbu hiyo. Kabla ya hapo iliitwa Colito, mahali huko Ethiopia ambapo askari wa kutoka Tanganyika walipigana mwaka 1941 chini ya bendera ya Mwingereza. Kubadilisha jina kulikuwa ni kubadilisha bunduki ya nani ikumbukwe.

Wajerumani wenyewe walikuwa wavaa mtumba. Hili hucheleweshwa sana katika vitabu vya shule. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wao hapa yalikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Huko kwao silaha hiyo ilikuwa imekwisha kurithiwa mara mbili, na modeli ya 1888 na ya 1898. Baruti nyeusi hutoa wingu zito la moshi; askari akipiga mara moja amejitangaza. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipokimbilia melini mwao, waliacha bunduki mpya na risasi za kutosha kuyavika upya makampuni matatu. Na von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizozikabidhi, zaidi ya elfu moja, zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kaisari lilimaliza vita kwa silaha za adui zake.

Ugogo ulilipa gharama yake bila kupiga risasi. Reli ilikuwa imepita Dodoma miaka michache tu kabla ya vita, na kwa hiyo kila jeshi lilipita Dodoma. Wajerumani walichukua nafaka, ng’ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mji ulipoangukia mikononi mwa upande wa Waingereza mwishoni mwa Julai 1916, hao nao wakachukua ng’ombe, nafaka na wanaume. Mvua zilipokosekana, ghala lilikuwa tupu na mikono ya kulima iko Mahenge na Rufiji, kama si kaburini. Njaa iliyofuata wazee waliiita Mtunya. Bibi yangu hakuwa na habari ya Kaisari wala Mfalme. Alihesabu umri wake kwa njaa hiyo. Mathias Mnyampala, mshairi wetu mkubwa wa Ugogo na mwandishi wa historia ya Wagogo, alizaliwa mwaka 1917, katikati ya dhiki hiyo. Kila ninapofundisha habari za ngonjera huwaambia vijana: mjue alitoka katika njaa gani.

Tufike kwa Keya. Ndivyo babu zetu walivyozitamka herufi tatu za jeshi la kikoloni la Kiingereza, KAR, na mmoja wao alikuwa baba yangu, babu yake huyu kijana wa Ohio. Alikuwa Burma mwaka 1944, na wenzake wa Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw, msimu wa mvua. Hakutusimulia habari ya kuua. Alisimulia matope, nyumbu na ruba. Na alisimulia jambo moja la bunduki, ambalo sisi watoto tulilitaka tena na tena: kwamba kitako chake kilikuwa na mlango. Ukikibonyeza kibati cha shaba nyuma ya kitako kinafunguka, na ndani ya tundu la ubao mmelala kamba ya kuvutia kitambaa ndani ya mtutu, pamoja na kichupa cha mafuta. Baba hakukiita kichupa. Alikiita kibuyu, kama kile cha mafuta ambacho mama yake alikitundika nyumbani. Kila jioni, alisema, hata kama hujala, kibuyu hutoka, kamba hupita ndani ya kasiba, ndipo unalala. Aliporudi nyumbani bunduki ilibaki kwa Mfalme. Yeye alikuja na koti na kikohozi.

Kijana nilimwandikia: fungua kitako.

Akanijibu siku hiyo hiyo, usiku wa kwao. Alikuwa na bunduki hiyo mwaka mzima na hakujua kama ina mlango. Ndani mlikuwa na kichupa, kimekauka, na kamba imeoza. Akaniuliza tena, “Babu alikiitaje?” Nikamwambia. Sasa wenzake wa Camp Perry, watu wazima wenye asili ya Ujerumani na Poland, wanakiita kibuyu.

Limebaki neno moja, nalo nimeliweka mwisho kwa makusudi.

Mimi nami nimepiga shabaha. Baada ya kidato cha sita tulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, wavulana kwa wasichana, na vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, kwa hiyo hakuna aliyedhani tunacheza. Bunduki tuliyofundishiwa tuliiita SAR. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba ni ile SKS iliyobuniwa na Mrusi Simonov mwaka 1945, yenye kukaa risasi kumi, na kwamba leo nayo imo katika orodha za silaha kuukuu zinazopendwa na kina mwanangu. Kumbe na mimi nilivaa mtumba. Tulipewa risasi tano kila mtu. Mbele yetu, umbali ambao kwa macho yangu ulionekana ni wa hapa na Morogoro, zilisimama mbao zilizokatwa umbo la mtu: kichwa, mabega, kifua. Hazikuwa na uso. Mwenzangu aliyelala kulia kwangu alinong’ona kwamba ule wake umefanana na mwalimu wetu wa hesabu. Nilicheka, na risasi yangu ya kwanza ikaenda mbinguni. Afande alinipa adhabu ambayo magoti yangu yanaikumbuka.

Mwenzangu yule hakujua kwamba alikuwa ametoa maana ya kamusi. Kamusi za zamani zinalipa neno shabaha maana mbili: kitu kinacholengwa, na mfano, yaani sura inayofanana na kitu kingine. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa shabihi na kushabihiana, na ndio uliotupa, enyi washairi, tashibiha. Kulenga na kufananisha vimechimbwa shimo moja. Maana ya kufanana imedhoofika katika shabaha, siku hizi wachache wanaitumia. Lakini kila uwanja wa jeshi wenye ubao wa umbo la mtu umeihifadhi bila kujua. Kuruta halengi mtu. Analenga tashibiha ya mtu, hadi mkono uzoee. Nami nikiri kwamba risasi zangu nne zilizobaki zilipata, zote kifuani, na nilisifiwa mbele ya kombania, na nilifurahi. Usiku sikulala vizuri, na sikumwambia mtu.

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua kuhusu mchezo wa kijana wangu, na ndilo lililochelewesha jibu zaidi ya msamiati. Nilimwuliza moja kwa moja: karatasi yenu ina picha ya nini? Akanitumia. Ni duara jeusi, na miduara ndani ya miduara, na namba. Hakuna kichwa, hakuna mabega. Nikaitazama muda mrefu. Hiyo ni shabaha iliyobaki na maana moja tu.

Nikamtumia orodha yake: mtutu, au kasiba ukitaka lugha ya wazee, kitako, kifyatulio, komeo, ganda, kulenga, kutia shabaha, kupiga shabaha, kukosa. Risasi zikipiga karibu karibu, nilimwambia, sema zimekaa pamoja. Na kibuyu.

Wiki iliyopita amenitumia karatasi yake ya mashindano. Matundu tisa yamekaa pamoja kama vifaranga, la kumi halionekani popote. Chini ameandika kwa kalamu ya risasi: “Shangazi, ya kumi ilikuwa gumegume.” Nimemjibu kwamba gumegume ni bunduki, si risasi, na bunduki yake haina kosa, atafute kwingine.